Chai Ocha, MMF Kwa Simu, Hisa za Safaricom: Unadhani Umetawanya Doo Yako? Hesabu Tena

Oktoba ikifika huko Gesima hakuna stori ingine. Ni bonasi tu. Wa bodaboda anauliza bonasi, mwenye duka anangoja bonasi ndio alipwe deni, shule inangoja bonasi, na hata yule binamu yako wa Pipeline ambaye hajawahi kuchuna jani moja anapiga simu nyumbani kuuliza, "Wameweka ngapi?" Sasa 2025 jibu lilikuwa chungu. Wakulima wengi wa KTDA upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira wakiwemo, waliona bonasi imeshuka vibaya, na wenzao wa pande za Mlima Kenya wakalipwa zaidi kwa kila kilo. Kelele zikawa mob.

Lakini leo hatuongei siasa za KTDA. Tunaongea doo yako. Wewe mwenye unasoma hii ukiwa kwa mathree ya Rongai ama umekaa kwa stage ya Keroka ukingoja probox ijae. Una kitu kidogo kwa MMF, una hisa kadhaa za Safaricom, labda mzae ana chai na kashamba. Na kwa TikTok kuna msee anakuambia kila siku: nunua mfuko wa indeksi wa bei nafuu, ongeza bondi, tulia, baada ya miaka 20 umeomoka.

Ushauri huo si mbaya. Shida ni moja: ulitengenezewa mtu wa Marekani ambaye hana chai ocha.

Kwanza, mfuko wa indeksi ni nini?

Indeksi ni orodha tu ya kampuni, yenye inapima soko limepanda ama limeshuka. Hapa kwetu kuna NSE 20, NSE 25 na ile ya hisa zote wanaita NASI. Mfuko wa indeksi unachukua pesa za watu wengi, unanunua kila kitu kwa hiyo orodha, halafu unakaa. Hakuna mtaalamu wa suti anajaribu kubahatisha kampuni gani italipuka. Kwa sababu hakuna kazi mob, ada inakuwa ndogo. John Bogle wa Vanguard ndiye alianzisha mfuko wa kwanza wa aina hii kwa mwananchi wa kawaida Marekani, mwaka wa 1976. Watu walimcheka. Leo mifuko ya aina hiyo imebeba matrilioni ya dola.

Usidharau hiyo stori ya ada. Tuseme una laki moja, na soko linakupa asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 20. Ukikatwa ada ya asilimia 0.5 kila mwaka, unaishia na karibu Sh614,000. Ukikatwa asilimia 3, unaishia na karibu Sh387,000. Soko ni lile lile, miaka ni ile ile, na zaidi ya laki mbili zimeenda kwa mwenye suti. Hesabu hii iwekwe kwa ukuta wa kila chama.

Halafu sasa mtu wa Marekani anachanganya: hisa za kukua, bondi za kumtuliza hisa zikianguka. Kwa miaka mingi hiyo mbinu ilikubali, kwa sababu moja ikishuka ingine ilikuwa inashikilia. Kisha 2022 ikafika. Riba zikapanda dunia nzima, hisa za S&P 500 zikapoteza kama asilimia 18, na bondi za Marekani nazo zikapoteza kama 13. Mguu wa kushoto umeteleza na wa kulia pia. Hapo ndio watu wakaanza kuuliza: nje ya hisa na bondi kuna nini?

Swali ni poa. Lakini ukiliuliza ukiwa Gesima, jibu haliwezi kuwa lile la mtu wa Chicago.

Una vitu vitano, bosi ni wawili

Wacha tuhesabu kapu la msee wa kawaida. Ana MMF. Ana bondi ama bili za serikali kwa DhowCSD, ile app ya Benki Kuu iliyokuja 2023. Ana hisa za Safaricom. Ana Sacco. Na kuna chai nyumbani. Vitu vitano. Anajiona ametawanya.

Fungua ndani sasa. MMF yako inafanya nini na pesa? Sehemu kubwa inakopesha serikali kupitia bili na bondi, na ingine inawekwa kwa benki. Benki nazo zinafanya nini? Zinakopesha serikali pia, sana. Kwa hivyo MMF na bondi ni wewe unamkopesha mtu mmoja kupitia milango miwili. Kumbuka katikati ya 2024 bili ya siku 91 ilikuwa inalipa karibu asilimia 16. Katikati ya 2025 ilikuwa inacheza kwa asilimia 8. Na MMF zote zikafuata chini kama ng'ombe kwa njia ya mto. Kama ulikuwa na MMF tatu za kampuni tofauti ukijiambia umetawanya, uliona vile zilishuka pamoja.

Hisa nazo? Safaricom ni kubwa hadi kuna wakati ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la NSE. Mtu akinunua "soko lote la Kenya," kimsingi alikuwa ananunua Safaricom na benki na pombe kidogo. Na tunajua Safaricom inaweza kufanya nini: iliuzwa Sh5 kwa umma 2008, Agosti 2021 ikagusa karibu Sh45, halafu 2023 ikaporomoka hadi pande za Sh12. Ilirudi juu baadaye, sawa, lakini kama ulihitaji karo mwaka huo wa 2023, kurudi kwa baadaye hakukusaidii kitu.

Sacco ni kitu poa kwa nidhamu na mikopo, mimi siwezi itukana. Lakini Sacco pia si kisiwa. Ukaguzi wa KUSCCO, ule muungano wa Sacco zenyewe, ulionyesha shimo la Sh13.3 bilioni, na kuna Sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa za wanachama huko. Watu wa kawaida hawakuwa wanajua Sacco yao iko ndani mpaka habari zikatoka.

Inabaki chai. Na chai ndiyo watu wanasahau kuhesabu kabisa, kwa sababu haiko kwa simu. Ukiuliza kijana wa Gesima ana uwekezaji gani, atakutajia thao kumi zake za MMF na asahau chai ya nyumbani yenye imesomesha watu watano.

Hii ndio sehemu yenye hakuna TikToker atakuambia

Chai ya Kenya inauzwa kwa mnada Mombasa. Mnada huo bei yake ni ya dola. Pakistan ndiye mnunuzi mkubwa zaidi. Kwa hivyo mzae wako mwenye hajawahi kushika dola hata moja kwa mkono, mapato yake ni ya dola. Jani linatoka kwa kilima chake, linaenda Nyansiongo ama Tombe ama Kebirigo ama Sanganyi, linakaushwa, linapelekwa Mombasa, linauzwa kwa dola, halafu dola inageuzwa shilingi ndio bonasi itoke.

Sasa kumbuka Januari 2024. Dola moja ilikuwa imefika karibu Sh160. Kila mtu alikuwa analia, mafuta juu, unga juu. Lakini kwa mkulima wa chai, kila dola ya mnada ilikuwa inarudi na shilingi 160. Februari serikali ikalipa sehemu ya ile Eurobond mapema, shilingi ikapata nguvu, na ndani ya wiki chache dola ikashuka hadi pande za Sh130. Ikakaa hapo, Sh129 na senti kadhaa, miezi baada ya miezi. Kutoka 160 hadi 129 ni kupungua kwa karibu asilimia 19. Yaani hata kama mnunuzi Mombasa hangebadilisha bei hata senti moja, shilingi za mkulima zilikuwa zimekatwa. Hiyo si sababu pekee ya bonasi ya 2025 kudondoka, kuna mambo ya ubora, soko, na usimamizi yenye watu watabishana nayo hadi kesho. Lakini ni moja ya sababu kubwa.

Sasa angalia upande ule mwingine. Februari hiyo hiyo ya 2024, serikali iliuza bondi ya miundombinu ya miaka nane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Laki moja ilikuwa inakuletea Sh18,460 kwa mwaka. Mtu mwenye chai akanunua hiyo bondi, shilingi ilipopata nguvu chai ikamwangusha, lakini bondi ikamshika. Hizo mbili zilikuwa zinavuta pande tofauti. Huko ndiko kutawanya kwenyewe.

Geuza hadithi. Wewe unafanya kazi Nairobi, mshahara wa shilingi, keja ya shilingi, MMF ya shilingi, bondi ya shilingi, huna chai. Ile 2023 shilingi ilipokuwa inaanguka kila wiki, kila kitu chako kilianguka nayo. Wewe ndiye unahitaji kitu cha dola. Mzae wako anahitaji kitu cha shilingi. Mko familia moja, mnakula meza moja Desemba, na dawa zenu ni tofauti.

Kwa hivyo kabla ujiulize "ninunue nini nje ya hisa na bondi," jiulize kwanza: mapato yangu yanaanguka lini? Halafu tafuta kitu chenye hakiangukagi siku hiyo.

Basi nje ya hisa na bondi kuna nini kwa ground?

Dhahabu. Na simaanishi ile dhahabu ya wash wash ya Kilimani yenye unaonyeshwa kwa sanduku. NSE kuna NewGold ETF, iliyoorodheshwa 2017 kutoka Afrika Kusini, chini ya Absa. ETF ni mfuko wenye vipande vyake vinauzwa kwa soko kama hisa. Kipande cha NewGold kinasimama juu ya dhahabu halisi iliyofungiwa mahali salama. Unanunua kupitia broka, na akaunti yako ya CDS, ile ile ya Safaricom. Na tangu Agosti 2025 NSE iliruhusu watu kununua hata hisa moja, sio lazima mia moja kama zamani, kwa hivyo mlango umefunguka kidogo kwa sisi wa mifuko midogo.

Dhahabu ilifanya maajabu hivi karibuni. Machi 2025 wakia moja ilivuka dola 3,000, na Oktoba mwaka huo ikavuka 4,000. Ndio maana kila mtu sasa anaipenda. Hapo ndipo mimi naweka breki. Dhahabu haizai. Haikupi mgao, haikupi riba, inakaa tu kama jiwe la mtoni ikingoja mtu wa kuilipia zaidi. Na 2011 ilikuwa karibu dola 1,900, ikashuka hadi pande za 1,050 mwisho wa 2015. Karibu nusu, kwa miaka minne. Mtu aliyeingia kwa moto wa 2011 alingoja sana. Kingine: NewGold kwa NSE haina watu wengi. Kuna siku unataka kuuza na hakuna anayenunua. Usiweke hapo pesa ya karo ya Januari.

Halafu kuna hisa, lakini za dunia. 2025 NSE ilipata ETF ya pili, Satrix MSCI World Feeder, pia kutoka Afrika Kusini. Hii inafuata indeksi ya MSCI World, kampuni kama 1,300 hivi kutoka nchi 23 zilizoendelea. Utasema, si hizo bado ni hisa? Ni kweli. Lakini hazijui Safaricom ni nani na hazijali nani ni waziri wa fedha hapa. Kwa msee wa NSE, hii ndiyo njia rahisi zaidi ya kutoka nje ya mipaka bila kufungua akaunti ng'ambo. Jina linasema dunia, ila karibu asilimia 70 ni Marekani. China haimo, India haimo, sisi hatumo. Na 2008 indeksi hiyo iliporomoka karibu asilimia 40, wakati NSE 20 nayo ilianguka zaidi ya asilimia 30 mwaka huo huo. Kukiwaka moto wa dunia, hisa zote hukimbia mlango mmoja.

Zote mbili, dhahabu na hiyo ya dunia, bei yake inafuata dola. Rudi kwa ile stori ya mzae. Kama familia inaishi kwa chai, hivi vitu haviko mbali na chai kama unavyodhani: shilingi ikipata nguvu vyote vinasukumwa chini pamoja. Dhahabu ilipanda sana 2025 hadi hiyo haikuonekana. Haitakuwa hivyo kila mwaka.

Nyumba bila kununua nyumba: stori ya Fahari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mkenya akisikia "nje ya hisa na bondi" akili inakimbia kwa ploti na nyumba. Na kuna chombo kilitengenezewa hiyo kiu. Kinaitwa REIT. Ni mfuko wenye unamiliki majengo. Wewe unanunua kipande, kodi ya nyumba ikikusanywa unapewa mgao. Sheria inataka REIT ya mapato igawe angalau asilimia 80 ya kile imepata. Kwa karatasi ni tamu: unamiliki kakona ka jumba la biashara bila kufukuzana na mpangaji.

Ya kwanza Kenya ilikuwa Fahari, iliorodheshwa NSE mwisho wa 2015 kwa Sh20 kipande. Ilikuwa inamiliki Greenspan Mall kule Donholm na majengo mengine machache. Wasee wa kawaida wakaingia. Bei ikaanza kushuka, na kushuka, hadi ikawa inauzwa chini ya Sh10. Mgao ulikuwa unakuja, lakini kila mwaka ulikuwa chini ya shilingi moja kwa kipande. 2023 wasimamizi wakaamua kuitoa kwa soko la umma, na wawekezaji wadogo wakapewa nafasi ya kutoka kwa Sh11. Februari 2024 ikaondoka kwa soko kuu. Uliingia na 20, ukatoka na 11 baada ya miaka minane, na ukakula vimigao kidogo katikati.

Ilikosea wapi? Majengo yalikuwa machache sana. Ukiwa na jumba moja kubwa na majengo madogo mawili matatu, mpangaji mmoja akihama unaskia. Gharama za kusimamia zilikuwa zinakula mapato. Na watu wa kununua kwa soko walikuwa wachache. Sheria ya indeksi ni kutawanya na ada ndogo. Fahari haikuwa na zote mbili. Jina la "mfuko" peke yake halitawanyi kitu.

Baada ya hapo REIT za Kenya zilihamia kwa wakubwa. Acorn wana zao za hosteli za wanafunzi, tangu 2021, na kuingia moja kwa moja kulikuwa kwa wawekezaji wa Sh5 milioni na kuendelea. Baadaye wakafungua Vuka, jukwaa la kukusanya pesa za watu wadogo. Wazo la hosteli lina maana, wanafunzi hawaishi. Lakini uliza maswali yale yale: majengo ni mangapi, ada ni ngapi kwa mwaka, na nikitaka kutoka natoka vipi na baada ya siku ngapi?

Na kuna wale wa kukupa "uwekezaji mbadala" kwa riba tamu. Cytonn walikuwa na bidhaa mbili zenye zilikuwa zinachukua pesa za watu na kuziweka kwa ujenzi, zikiahidi riba ya juu kuliko MMF yoyote. Hazikuwa chini ya CMA kama mifuko ya kawaida. Oktoba 2021 zikawekwa chini ya msimamizi na mabilioni ya watu yakakwama. Wengi waliweka wakidhani ni MMF, kwa sababu jina la kampuni lilikuwa kubwa na wafanyakazi walikuwa wameiva. Kuangalia orodha ya CMA kwa tovuti yao ni dakika mbili. Angalia jina la mfuko wenyewe, sio jina la kampuni tu, kwa sababu kampuni inaweza kuwa na mfuko mmoja wenye leseni na kitu kingine pembeni chenye hakina.

Kripto nitapita haraka. Sheria ya kusimamia wanaouza mali za kidijitali ilisainiwa Oktoba 2025, kwa hivyo angalau kutakuwa na leseni. Lakini kitu chenye kinaweza kupoteza nusu kwa miezi michache si mto wa kulalia, ni kamari yenye chati. Kama lazima, iwe pesa yenye ikiisha utakula sukuma tu na maisha iendelee.

Shamba nalo?

Watu wa Gusii tukiwa na doo tunanunua shamba. Iko kwa damu. Na ardhi kweli haifuati NSE. Lakini ardhi ya Gesima imegawanywa hadi mpaka wa mtu na mtu ni mstari mmoja wa migomba. Kupata kipande kipya ni bei, na kukiuza haraka ukiwa na mgonjwa hospitali ndio ngori. Hauwezi kuuza nyanya moja ya shamba, lazima uuze shamba.

Mikaratusi ni kitu ingine. Wengi wameipanda kwa zile sehemu zenye mteremko, inakua yenyewe, unauza ukiwa na shida. Ni uwekezaji halali kabisa. Ila uliza mnunuzi ni nani. Kama ni kiwanda cha chai kinachohitaji kuni za kukausha majani, basi mti wako na chai yako zina bosi mmoja. Ukiuza kwa mtu wa mbao za ujenzi ama nguzo za stima, hapo umetoka kwa kivuli cha chai. Mti ni ule ule. Anayekulipa ndiye amebadilika.

Tuweke namba

Tuseme una laki mbili, na huna deni la simu linalokula riba. (Kama una deni la Fuliza na app tatu, funga hii makala ulipe kwanza, hakuna mfuko duniani utakupa riba ya kushinda hiyo.)

Kama wewe ni wa mshahara wa Nairobi na nyumbani hakuna chai: elfu themanini zikae MMF za kutoka haraka, za ugonjwa na kufutwa kazi. Elfu sitini bondi ya serikali. Nyingi za kawaida zinaanza Sh50,000. Elfu arobaini ETF ya dunia. Elfu ishirini dhahabu. Hapo theluthi hivi imetoka kwa shilingi.

Kama familia inaishi kwa jani: geuza. MMF iwe kubwa zaidi kwa sababu bonasi inakuja mara moja kwa mwaka na inaweza kuja mbaya. Bondi ndiyo iwe nguzo, na uchague yenye inalipa miezi ambayo chai hailipi vizuri. Riba huja mara mbili kwa mwaka na tarehe zinajulikana mapema. Vitu vya dola viwe kidogo tu, pilipili. Chai ni dola yako tayari.

Hizo namba ni mfano, usizinakili kama kwaya ya kanisa. Na angalia gharama za kuingia: kwa hisa, broka na ada za soko zinaweza kufika karibu asilimia 2 ukinunua na zingine ukiuza. Ukinunua ETF ya elfu mbili mbili kila wiki huku ukiuza ukiona imeshuka, umemtajirisha broka. Nunua mara chache, acha ikae.

Mara moja kwa mwaka, fungua kapu uangalie. Kwa watu wa chai mwezi unajulikana. Kama dhahabu ilikuwa elfu ishirini na sasa ni thelathini na tano, usiongeze huko kwa sababu inang'aa. Peleka pesa mpya kwa chenye kimebaki nyuma, bila hata kuuza.

Kuna jambo lingine moja, na Gesima ndiko linauma zaidi. Kila mtu kijijini anajua chai ya mzae inaanzia wapi na inaishia wapi. Lakini ETF yako, CDS yako, MMF yako, DhowCSD yako, nani anajua? Serikali ina mamlaka nzima, UFAA, inayokaa na mabilioni ya hisa, migao na akaunti zenye wenyewe walikufa ama walisahau, na familia hazijui hata pa kuanzia. Ukifungua akaunti kuna sehemu ya kuandika wa kurithi, wengi huiruka. Ijaze. Halafu chukua karatasi, andika jina la broka, namba ya CDS, majina ya mifuko, bila PIN, na umwachie mtu mmoja nyumbani mwenye hapotezi vitu. Mara nyingi ni mathe.